Jora la Sanda na Bastola ya Mdachi

Sadiki alizikwa Ijumaa iliyopita. Nilikwenda matangani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, nikala wali wao, nikasikiliza watu wakimsifu: polisi mwema, mtu wa watu, mtoto aliyemtunza mama yake mpaka siku ya mwisho. Nikawa naitikia tu, eeh, eeh, chai inanipoa mkononi, kwa sababu mwenzenu nilikuwa nimeshaondoka pale mkekani. Nilikuwa nimerudi mwaka wa sitini na tatu, nikiwa mke mpya hapa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, mwaka ambao nikisikia jina la huyo Sadiki nilikuwa naangalia mlango. Msinielewe vibaya. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema nilimwogopa kuliko nilivyopata kumwogopa mtu yeyote, na hakujua, na sasa amekufa bila kujua. Waliohusika wote wametangulia, nimebaki mimi na macho yangu mabovu. Nilizaliwa wapi, baba yangu nani, hayo nayaacha, hayawasaidii kitu. Nitaanza na vitambaa.

Mume wangu Haruna alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa na vyumba viwili vya udongo: cha mbele duka, cha nyuma kitanda, katikati pazia la kitenge. Ukiwa nyuma unasikia kila neno la mbele, na mimi nilisikia mengi kuliko yaliyonifaa. Mwaka ule Haruna alipata kazi kwa Mbelgiji mmoja wa Kiyovu, kilimani kwa Wazungu, Musiyo yaani Bwana Lambert, mtu wa mashine za kukoboa kahawa, mwekundu usoni, mpole, hana mke wala mtoto. Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye bastola za Mdachi. Mdachi ndiye Mjerumani, sisi ndivyo tulivyomwita tangu wazee. Kazi ya Haruna ilikuwa kushona shabaha: kitambaa cheupe cha marekani, katikati kinashonewa duara jeusi. Musiyo anazipiga Jumapili, Jumatatu zinarudi kwetu zina matundu, mimi natia viraka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, kutia viraka matundu ya risasi. Nilifika mahali nikimwona mtu na kidonda mguuni nawaza kiraka cha ukubwa gani. Na niliweza kujua tundu hili ni la bastola ipi, kwa sababu kila moja ilikuwa na mdomo wake. Ile ndogo ya Walther, ya kuficha mfukoni, ilitoboa kama sindano ya gunia. Mauser ilitoboa vitundu vidogo vilevile lakini ilipenya hadi kitambaa cha nyuma, ikatia majivu pembeni. Luger ilikula kitambaa vizuri, duara safi, hata kushona kwake kulikuwa raha.

Nyumbani kwa Musiyo nilifika mara kadhaa kupeleka mzigo. Chumba cha bastola kilinuka mafuta ya mashine na tumbaku, kimefungwa madirisha mchana kutwa, na ndani ya kabati la kioo zimelazwa juu ya kitambaa cha kijani alichoshona Haruna, kila moja na shimo lake kama mtoto kitandani. Mauser moja ilikuwa na ala ya mbao. Ukiichomeka ile ala nyuma ya mpini inakuwa kitako, bastola inageuka bunduki. Mpishi wake alikuwa hataki kuingia mle. Mimi naye tulikuwa tunakula jikoni maharagwe na ndagala, dagaa wa ziwani, ananiambia, "Yewe Mwajuma, huyu mutu anazisemesha. Asubui anazisabahi, mi ananipita kama mimi ni mulango." Lakini Musiyo alipenda kueleza. Kila kipande cha bastola ya Mdachi kimepigwa namba, hata kile kidogo cha kufungia, na ukiipata ambayo namba zake zote zinafanana, yaani haijawahi kubadilishwa hata msumari, hiyo ndiyo yenyewe. Alisema ni kama mzee mwenye meno yake yote.

Na aliipata kwetu. Hapa Biryogo alikuwepo Mzee Feruzi, askari wa Mdachi wa zamani, aliyekuwa ameweka Luger ya afande wake ndani ya mtungi wa samli tangu Mdachi alipofukuzwa. Mtungi mzima wa samli, miaka yote ile, na mke wake anapikia mtungi mwingine. Haruna ndiye aliyewakutanisha. Mzee Feruzi akapewa koti zito la sufu na taa ya karabai, akafurahi, akawa anavaa lile koti juani. Musiyo alipoifuta samli na kuona namba zinafanana zote, alikaa chini kwenye kigoda chetu cha duka akashika kichwa. Hiyo bastola haikuandikishwa serikalini kama nyingine. Alisema ataiandikisha. Alikuwa anasema hivyo kila Jumapili.

Jumapili moja nilifuatana na Musiyo na Haruna hadi Gahanga, nje ya Kigali. Siku hizo Gahanga ilikuwa mashamba tu na migomba, na njia ya kushukia Bugesera. Musiyo alikuwa na shimo lake kule, mahali palipochimbwa udongo wa matofali pakaachwa. Haruna alitundika shabaha kwenye miti, mimi nilibeba chai na mikate ya kumimina. Wanawake waliokuwa wanalima walisimama na majembe yao juu ya kilima wakitutazama. Musiyo akapiga, akapiga, Haruna naye akapewa, kisha wakaniita mimi. Ile Luger ina kiungo mgongoni, na ukifyatua kiungo kinapanda kama goti la panzi, ganda tupu linaruka juu, kiungo kinarudi na risasi nyingine imeshaingia. Nilifumba macho nikavuta. Mikono ikapigwa kama nimeshika ng'ombe pembe. Musiyo akacheka mpaka akakohoa: "Mwajuma, wewe iko naua mulima!" Na Haruna akasema, "Mulima ulikuwa na kosa gani, masikini?" Nikacheka na mimi. Lakini niseme kweli: mkono ulitaka tena, na hilo ndilo lililonitisha. Nikairudisha haraka nikaenda kukaa na birika langu. Wale wanawake juu ya kilima walikuwa wameacha kulima kabisa.

Mwisho wa mwaka ndipo dunia ilipogeuka. Kuna watu waliingia kutoka Burundi na silaha, wakapitia Bugesera, wakaja hivi kuelekea Kigali, wakazuiwa karibu na mto. Mimi siasa siijui, na waliokufa baada ya pale walikuwa wengi mno kwa mimi kuwasemea. Nitasema nilichokiona kwa mlango wetu. Soko lilifungwa. Wanajeshi walisimama barabarani. Watu walizungumza kwa sauti ya chini hata wakinunua chumvi. Amri ikatoka kwamba kila mwenye silaha aipeleke, na kwamba nyumba zitapekuliwa, na kwa sababu wanajeshi hawakuzijua nyumba za Biryogo walipewa polisi wa kuwaonyesha. Huyo ndiye Sadiki. Alizaliwa palepale, mama yake Bi Kulthumu alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alijua nani ana mlango wa nyuma, nani ana shimo la mihogo, nani mgeni. Alikuwa anatembea mbele na fimbo yake, na akisimama mbele ya nyumba, wale nyuma wanaingia.

Saidi fundi baiskeli alichukuliwa kwa ganda la risasi. Ganda tupu! Alikuwa analitumia kutilia grisi. Mke wake alisimama barabarani anaonyesha kidole chake chenye grisi, anasema, "Oneni, ni ya grisi, oneni," mpaka gari likakata kona. Saidi hatukumwona tena. Jioni ile nilizitoa shabaha zote chini ya kitanda nikaziingiza jikoni moja moja. Viraka vyangu vilikuwa vinajikunja motoni kama majani. Maharagwe ya siku ile yaliiva kwa shabaha, na hatukuweza kuyala.

Nilidhani tumemaliza. Siku ya pili yake, mchana, Musiyo akaja na boksi la shati. Nipo nyuma ya pazia, nasikia. Alisema zile zenye karatasi ameshazionyesha, wamemwambia azihesabu, aondoke nazo nchini au awakabidhi. Hii moja haina karatasi. Wakiikuta kwake watauliza imetoka wapi, na jibu ni Biryogo. "Haruna, niwekee. Siku kidogo tu. Mi nakupa amana." Sijui nani alimfundisha neno hilo. Kama angesema nifichie, Haruna angekataa, namjua. Lakini amana! Mume wangu alikuwa mtu wa namna hii: jirani alipomwachia mbuzi akasafiri, yule mbuzi alilala ndani, sisi tukasogea. Nikamsikia kule mbele anasema, "Bismillahi. Weka hapa."

Nilimsubiri Mzungu aondoke, nikatoka. "Haruna, tupa chooni." Akasema, "Ya mtu." Nikasema, "Saidi amekwenda kwa ganda!" Akasema, "Mwajuma, amana haikataliwi, haifunguliwi, haipotezwi. Nikiipoteza hii nitasimama nayo siku ya Kiyama." Nikamwambia kwa moto huu tutasimama kesho. Alikuwa anaangalia rafu ya juu, mahali lilipokaa jora la sanda.

Hapa inabidi niwaeleze, maana vijana wa sasa sanda wananunua tayari imefungwa kwenye nailoni. Zamani mtaa wetu ulikuwa na jora lake la marekani kwa ajili ya maiti, la watu wote, lilikaa kwa fundi. Na hakuna mtu anayeligusa. Mteja akichagua nguo macho yake yanaparuka pale. Watoto wanatishwa nalo. Hata mimi nikipangusa vumbi napita mbali, nasema audhubillahi. Haruna aliwaza hivi: hata wanajeshi, wakiambiwa hii ni nguo ya maiti, wataondoa mkono. Akatoa ubao wa ndani, akaweka Luger mahali pa ubao ikiwa tupu bila risasi, akalizungusha jora upya, akalipandisha. Na kusema kweli alipomaliza usingejua. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila alisahau kitu kimoja ambacho hata mtoto wa Biryogo alikijua, na mimi nilisahau pia: ndiyo nguo pekee dukani ambayo mtu anaichukua bila kuuliza.

Kabla jora halijachukuliwa nilipata kikombe changu cha hofu. Sadiki alileta suruali yake ya kazi ipunguzwe kiuno. Alikuwa amekonda, kazi ile ilimkondesha hata yeye. Alisimama dukani na shuka kiunoni, Haruna anashona, jora juu ya vichwa vyao, na mimi nyuma ya pazia napepeta mchele ambao haukuwa na kitu cha kupepeta. Nikamsikia: "Fundi, wakulima ya Gahanga wameongea. Wanasema kila Jumapili kulikuwa bunduki kule. Muzungu moja na Muswahili moja. Na bibi yake, kitenge ya manjano." Cherehani ikasimama. Haruna akasema, "Waswahili tuko wengi, Sadiki." Akajibu, "Ndiyo nawaambia wale maafande. Waswahili iko wengi." Halafu akauliza kama mimi sijambo, mbona simtolei chai. Kitenge changu cha manjano nilikuwa nimekivaa. Nilikivua palepale nikakitia chini ya godoro, nikajifunga shuka ya kitanda, nikamtolea chai, na akanitazama, akasema, "Shemeji, unaumwa?" Nikasema homa. Akanywa, akavaa suruali yake, akaenda.

Bi Kulthumu mama yake alikufa wiki hiyohiyo. Presha, au pengine hofu. Mama wa mtu anayeonyesha nyumba za watu naye analala vipi? Haruna alikuwa amebaki msikitini baada ya adhuhuri, mimi nipo uani nachambua maharagwe. Nikasikia sauti ya mwadhini dukani: "Inna lillahi! Bi Kulthumu katuacha. Nachukua jora!" Nikatoka na maharagwe mkononi. Alikuwa ameshavuka barabara, jora begani, anamwambia mtu, "Zito hili, fundi ameliloweka nini?" Nikafungua mdomo kumwita nikaufunga. Sanda haiitwi. Sanda iliyotoka mlangoni hairudi mlangoni, ikirudi inamfuata mtu wa ndani. Ukimwona mtu anakimbiza sanda barabarani anapiga kelele irudishwe, Biryogo nzima itatoka kutazama, na wa kwanza atakuwa Sadiki, mwenye msiba. Maharagwe yakanitoka mkononi yakamwagika dukani. Nikajifunga kanga nikaenda msibani, natembea, sikimbii.

Wanaume walikuwa wamekaa mabenchini nje. Wanajeshi wawili walikuja kumpa pole mwenzao, wamesimama na bunduki zao, hawajui waziweke wapi. Sadiki alikuwa mlangoni kabisa mwa chumba alicholazwa mama yake, analia bila kujifuta. Nikampa pole. Nikamwuliza waoshaji wako ndani? Akasema yuko Bi Tatu peke yake, mwenzake amekwenda Butare. Bi Tatu alikuwa ndiye mwosha maiti wa mtaa, kizee kifupi, mdomo kama wembe, aliniita mke mwenziwe kwa utani kwa kuwa Haruna alikuwa kama mjukuu wake. Nikasema, "Nitamsaidia." Nilikuwa sijapata kugusa maiti maisha yangu. Sadiki akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji. Mungu akulipe."

Chumba kilikuwa kidogo, kina udi, sakafu ya udongo. Chini ya kitanda cha kuoshea walikuwa wameshachimba ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji ya maiti, ili yasitiririke nje watu wakayakanyaga. Bi Kulthumu amefunikwa kitandani. Jora liko juu ya mkeka, bado halijafunguliwa. Bi Tatu akaniangalia. "Ehe, mke mwenzangu. Leo umekuja kwa mguu wako? Juzi nilikuita ukasema una mimba, nikasema mimba gani hiyo ya hofu." Nilionyesha jora. Akadhani naogopa sanda, akacheka kidogo, akashika ncha, akaanza kukunjua na kupima kwa mkono, pima moja, pima ya pili, analaza kitambaa chini, na jora linazidi kuwa dogo na zito, mpaka likageuka lenyewe mkekani, puu.

Nje ya pazia Sadiki akasema, "Bibi, kuna nini?"

"Kuna mama yako," akasema Bi Tatu. "Mwanaume hasimami mlangoni anapooshwa mwanamke, hata akiwa ni mama aliyemzaa. Rudi kwenye benchi, baba."

Tukasikia viatu vyake vinasogea, lakini si mbali. Bi Tatu akafunua kitambaa cha mwisho. Luger nyeusi ikalala pale juu ya nguo nyeupe, inang'aa mafuta. Nilidhani atapiga yowe. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akainama karibu na sikio langu: "Na hii nayo inaoshwa?" Nikaanza kulia, nikamwambia kwa kunong'ona ni amana, ni ya Mzungu, ni Haruna. Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye kafuri. Akasikiliza viatu mlangoni. Halafu akachukua matambara ya kuoshea, yale ambayo kwa desturi yetu hayatoki chumbani, yanazikwa humohumo, akaizungushia bastola kama mtu anafunga mkate, akapiga goti, akaiteremsha ndani ya ufuo taratibu, isigonge. "Sasa lete maji," akasema. "Na nyamaza. Mwosha hana mdomo."

Nikaosha. Siku hiyo nilijifunza kazi ambayo nimeifanya mpaka mikono ilipokataa, na nimewaosha wengi wa mtaa huu, na kila mara nikimwaga ndoo ya kwanza natega sikio. Nilimwaga maji juu ya Bi Kulthumu, yakapita kwake, yakapita kitandani, yakaingia shimoni, na kila ndoo nilisikia chini sauti isiyokuwa ya udongo. Tukamvalisha. Tukajaza ufuo udongo kwa mikono, tukausawazisha kwa kiganja. Nilipotoka Sadiki alinishukuru tena. Mwanajeshi mmoja akanisogezea kiti.

Walipekua kwetu siku ya tatu ya matanga. Walitoboa godoro, walimwaga mchele, walikiona kitenge cha manjano wakakikanyaga bila kukitazama. Sadiki alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia chini kwa aibu, anarudia, "Hawa ni watu yangu, hawa waliosha mama." Wakaenda. Nikadhani sasa nitalala. Kumbe Haruna hakuwa na habari na wanajeshi. Nilipomweleza bastola ilipo hakunilaumu, lakini tangu hapo akaacha kula. Akawa anakwenda kukaa na Sadiki kila siku baada ya alasiri, kumliwaza, watu wanasema jirani mwema. Mimi nilijua anatafuta nafasi. Nikamwuliza, akasema wazi, "Siku nitakayobaki mwenyewe mle ndani nitaifukua. Musiyo ataijia." Nilimshika miguu. "Itakuwa nyumba ya polisi, Haruna! Watakukuta na mikono ndani ya ufuo wa mama yake!" Akasema, "Ni amana." Neno lilelile. Ungempiga rungu angesema amana.

Ndipo nikamfuata Bi Tatu, nikamwambia kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumfungua mume wangu. Tukapanda Kiyovu sisi wawili kwa miguu, yeye anatukana kilima. Tulimkuta Musiyo amezungukwa na masanduku ya mbao, anazilaza bastola zake kwenye nyasi kavu. Alikuwa anahama, anakwenda Bujumbura kisha kwao. Kabati la kioo tupu. Aliponiona alifurahi, akadhani nimeleta. Nilimwambia iko wapi. Akacheka, akatazama nyuso zetu, akaacha.

"Ile iko ya maana kuliko yote," akasema. "Namba zote, Mwajuma. Zote! Ingine kama ile mi sitapata mpaka kufa. Nitakuja na gari Biryogo, nitaongea na huyo polisi, nitampa kitu."

"Utampa nini?" nikasema. "Utamwambia fukua ufuo wa mama yako, bastola yangu iko mle, aliificha Haruna? Njoo. Nitakuonyesha mlango. Kisha upande gari yako uende kwenu, sisi utuache tumfuate Saidi." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilikuwa sijapata kumjibu Mzungu. Mpishi alikuwa ametoka jikoni amesimama na mwiko. Musiyo akakaa juu ya sanduku. Akaifuta Mauser iliyokuwa mkononi, akaifuta mahali palepale.

"Bon, haya," akasema. "Mwambie naacha."

Bi Tatu akasogea mpaka mbele yake. "Naacha ni ya sigara. Amana haiachwi hivyo, inasamehewa. Sema na sisi tusikie: amana yangu niliyompa Haruna nimeisamehe, sina cha kumdai duniani wala akhera."

Akasema. Kwa Kiswahili chake kibovu, akakosea, Bi Tatu akamrudisha mwanzo, akasema tena mpaka mwisho, na mwishoni macho yake yalikuwa mekundu. Sikumwonea huruma wakati ule. Sasa namwonea kidogo.

Tulimkuta Haruna dukani. Nilipomwambia aliuliza kitu kimoja: "Kwa mdomo wake?" Bi Tatu akasema, "Mume wangu, nimemsomesha kama mtoto wa chuo." Haruna akainamisha kichwa juu ya cherehani. Nikapika ugali na isombe ya majani ya mihogo, akala, mimi namtazama shingo inavyomeza.

Siku chache baadaye Sadiki akaja dukani asubuhi, amevaa sare. "Fundi, unisaidie. Chumba ya mama, pale kwenye ufuo, udongo umeshuka. Nikipita mguu unaingia. Mi naenda lindo mpaka jioni, hakuna mtu nyumbani. Jembe iko nyuma ya mlango." Akaniachia mimi ufunguo, kwa sababu nilikuwa karibu. Haruna akauchukua mkononi mwangu bila kunitazama. Alikwenda. Mimi nikakaa mlangoni mwa duka nimeshika suruali ya mtu, sindano haiendi. Gari la wanajeshi likapita, likapunguza mwendo kwa Bi Kulthumu, likaendelea. Jua likahama upande wa pili wa barabara. Nilikuwa namwona kwenye akili yangu amepiga goti, jembe limeingia, limegonga.

Alirudi wakati watu wanatoka alasiri. Mikono mitupu, miguu myekundu kwa udongo mpaka vifundoni. Akauweka ufunguo juu ya meza.

"Nimeongeza udongo," akasema. "Nimeshindilia mpaka pamekuwa pagumu. Hata lori likipita."

"Hukuchimba?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ajabu sana.

"Nichimbe ya nani?" akasema, akakaa kizingitini akanyoosha miguu yake, na mimi nikaenda kuleta maji.